Maswali na majibu: Mzee kavunjika nyonga, damu inasema nini?

Mama ana miaka 71. Aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Wodini sukari yake ilisoma 11.4, na hajawahi kuugua kisukari. Ndiyo iliyomvunja? (Mwanga)

Usimpe mama ugonjwa kwa kipimo kimoja. Mwili ukiumia humwaga homoni zinazopandisha sukari, hata kwa asiye na kisukari. Ombeni kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu iliyopita (HbA1c). Kikisoma asilimia 6.5 au zaidi, yaelekea kisukari alikuwa nacho kabla hajateleza. Kama ameongezewa damu, semeni mapema, maana majibu yatapotoka.

Kisukari cha miaka mingi kweli huharibu mfupa. Sukari hunata kwenye protini inayoupa mfupa unyumbufu, nao ukawa mkavu kama kuni ya kiangazi, wakati kipimo cha uzito wa mfupa kinaonyesha uko salama. Ongeza ganzi ya miguu na macho yasiyoona ndoo iliyoachwa mlangoni.

Ila jambo kubwa hukuniuliza. Mtu akianguka kutoka kimo chake tu, si juu ya mwembe wala kwenye bodaboda, akavunjika nyonga, mifupa ilikuwa dhaifu tangu zamani. Majumbani tunasema "uzee tu", tunamfunga, tunamrudisha kwenye sakafu ileile ya saruji yenye povu la sabuni na kandambili zilizolika soli. Mfupa wa pili huvunjika zaidi ndani ya miaka 2 ya mwanzo. Kabla hajaruhusiwa, ulizeni dawa ya kuimarisha mifupa, na figo, kalsiamu na vitamini D vipimwe kwanza.

Kalsiamu ya baba kwenye damu ni ya kawaida. Basi mifupa yake ni mizima? (Ujiji)

Hapana! Swali hili naletewa kila mara, na kila mara mtu ameshamwachisha mzee dawa ya mifupa. Moyo na misuli haviwezi kufanya kazi kalsiamu ikishuka, kwa hiyo damu ikipungukiwa huchota mfupani. Karatasi itasoma vizuri huku mfupa unaliwa.

Nimesikia asidi ya yuriki ikiwa juu hulinda mifupa. Bibi aache dawa ya gauti (maumivu ya viungo), ambayo huishusha? (Kasulu)

Asiache. Ni kweli baadhi ya tafiti zimekuta wazee wenye asidi hiyo nyingi wana mifupa mizito zaidi, lakini vitu viwili kupanda pamoja hakumaanishi kimoja kimezaa kingine. Asidi hiyo hupanda pia figo zikichoka, na figo zilizochoka huua mifupa. Bibi apimwe figo.

Dagaa wetu wanatosha? (Kibirizi)

Wanasaidia sana, waliwe wazima na mifupa yao. Dawa hawachukui nafasi yake.

Kuna mashine ya kushika kijiti mkononi, inasoma mwili mzima pamoja na mifupa. Nimpeleke babu? (Gungu)

Usimpeleke. Kijiti hakipimi mfupa wala damu. Kinauza vidonge vilivyopangwa mezani.

Dada wa kazi amempa mama vidonge vya kunenepesha, vya bei rahisi, vya dukani. Vina shida na mifupa? (Katonga)

Vingi ni dawa za jamii ya steroidi. Hupandisha sukari na kumomonyoa mfupa kwa pamoja. Kama ametumia kwa wiki kadhaa, msivikatishe ghafla, mwili unaweza kuzimia. Mpelekeni leo, na pakiti ya vidonge mkononi.