Kuhusu ule mtandio, mwanangu

Kaloleni, Kisumu

Mwanangu Zainabu,

Waalaikumu salaam. Ujumbe wako wa juzi usiku niliusoma mara mbili nikazima simu. Umesema mwalimu mkuu hapo Nakuru amempa mjukuu wangu Rukia wiki moja: avue hijabu au atafutiwe Gredi ya 7 kwingine. Halafu ukauliza, "Mama, mimi nilipovuliwa mtandio wangu shuleni, mbona ulinyamaza?"

Niliogopa, mwanangu. Sina jibu la kulipamba.

Mwaka 2003 ulipoitwa kidato cha kwanza, nilikuwa nimeuza cherehani kupata karo. Barua ya shule ilitaja ndoo, kufuli, shuka mbili na Biblia. Nikanunua Biblia. Tulipofika langoni, askari akakuonyesha kichwa kwa kidole tu, hata hakusema kitu. Ukachomoa pini, ukaukunja ule mtandio mweupe mara nne, ukanitilia kwenye mfuko wa nailoni. Nilirudi nao ndani ya matatu ukiwa bado na joto la kichwa chako. Kabla ya hapo nilikuwa nimekuambia, "Mungu anatazama moyo." Ni kweli anatazama, lakini siku ile neno hilo nililitumia kukufunga mdomo.

Nisiwadhulumu wote. Yule matroni, mama wa Kijaluo asiyekosa kanisa Jumamosi, ndiye aliyekuwa akikuamsha saa kumi alfajiri mwezi wa Ramadhani na kukuwekea chai kwenye thamosi upate kula daku. Hakuna kanuni iliyomtuma. Na somo la dini nalo: mwalimu wa IRE, somo la dini ya Kiislamu, hakuwepo, ukasoma CRE, lile la Kikristo, miaka minne, hadi Injili ya Luka ukawa unaijua kuliko wenzako waliobatizwa. Tulicheka sana nyumbani. Siku hizi sicheki sana. Mtoto kufaulu dini ya wenzake si vibaya, ila yake ilifundishwa lini?

Sasa Rukia. Usiende pale ukipaza sauti kwamba mahakama imeshasema. Mjomba wako huniletea habari hizo za mahakama na huzikata nusu. Kesi yenyewe ilitoka Isiolo, shule ya serikali inayofadhiliwa na Kanisa la Methodisti, wasichana wa Kiislamu wakitaka kuvaa hijabu na suruali nyeupe. Mahakama ya Rufaa iliwapa haki mwaka 2016. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo, na kilichouangusha zaidi ni njia: mzazi aliyewatetea aliingiza dai lake ndani ya kesi ambayo kanisa ndilo lililoifungua, na majaji wengi wakaona halikuletwa ipasavyo. Kwa hiyo anayekuambia hijabu imeruhusiwa kila shule anakudanganya, na anayekuambia imepigwa marufuku anakudanganya pia.

Kilichobaki mkononi mwako si kidogo. Ibara ya 32 ya Katiba ya 2010 inasema mtu asinyimwe nafasi katika taasisi yoyote kwa sababu ya imani yake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mfadhili wa shule, kama lile kanisa, kazi ya kulea roho za watoto, lakini papo hapo inamtaka ailinde dini ya wengine. Mwaka 2003 Katiba hii haikuwepo, lakini sitajificha nyuma ya hilo. Hata ingekuwepo nisingeisoma.

Omba kanuni ya mavazi iliyoandikwa. Mara nyingi, mwanangu, haipo. Ni mazoea ya mtu mmoja tu ofisini. Ikiwepo, andika barua kwa bodi ya shule, ubaki na nakala yenye muhuri. Peleka na hijabu yenyewe, ya rangi ya sare, fupi, isiyo na nakshi, waione mezani. Watu huogopa zaidi kitu wasichokishika. Na uliza papo hapo IRE inafundishwa na nani, na Ijumaa adhuhuri watoto wanaotaka kuswali wanaruhusiwaje. Usisubiri siku nyingine ya kuulizia hayo.

Lakini kwanza muulize Rukia mwenyewe. Mimi sikukuuliza. Miaka yote hii nimedhani kilichokuumiza ni kitambaa, kumbe juzi umeandika kwamba kilichokuuma ni kuniona nikimwitikia askari kwa kichwa. Mtoto akisema anataka kuivaa, msimamie. Akisema amechoka kutazamwa darasani, usimfanye bendera ya ugomvi wetu wa zamani.

Jumanne nitapanda matatu ya kwanza. Usiingie ofisini kabla sijafika, hata wakikuita. Nitakuja na ngege wa kukaanga, mwambie mumeo asinunue nyama. Pia uniangalizie nafasi ya kuketi huko mbele ya ofisi, maana goti hili halisimami foleni.

Mama yako