Mtihani wa uwakili ufutwe au ubaki? Jibu la mtu aliyewahi kuusahihisha

Mleta mada kauliza kama mtihani wa uwakili bado una maana, au mtu akishapata shahada ya sheria aapishwe tu aanze kazi. Waliotangulia kuchangia wamegawanyika. Kuna wanaosema mtihani ni uzio wa wakongwe kulinda maslahi yao, na kuna wanaosema ukiondolewa wateja ndio watakaoumia. Mimi niliufanya, nimelea wanagenzi (wahitimu wa sheria wanaojifunza kazi chini ya wakili) ofisini miaka mingi, na kwa kipindi fulani nilikuwa msahihishaji. Msimamo wangu ni kwamba mtihani ubaki, lakini uwe mfupi, na uzito mkubwa uhamie kwenye kazi halisi ya mtahiniwa.

Nianzie kwenye usahihishaji, maana ndiko mageuzi mengi yanakokwama na sioni mtu anapataja. Bodi za mitihani hazipendi maswali ya kukariri kwa sababu zinaamini wakili ni kumbukumbu. Zinayapenda kwa sababu ni rahisi kuyatetea. Mtahiniwa akikata rufaa, unafungua mwongozo wa alama, unamwonyesha kifungu alichokisahau, yamekwisha. Sasa mpe jalada lenye barua tatu zinazopingana na mteja mwenye haraka, umwambie aandike ushauri. Msahihishaji mmoja atampa 7 kwa kuwa amekuwa mwangalifu, mwenzake atampa 4 kwa kuwa hakumwambia mteja afanye nini. Wote wawili wana hoja. Dawa ipo: kabla ya kugawana karatasi, wasahihishaji wanakaa pamoja, wanasahihisha majibu yaleyale ya mfano, wanabishana mpaka alama zao zikaribiane. Vikao hivyo nilivishiriki na ndivyo vilivyonifundisha nini hasa tunapima. Lakini muda ukibana, kikao hicho ndicho cha kwanza kukatwa. Mwaka unaofuata bodi inarudi kwenye "taja na ueleze".

Na kukariri kuna ubaya ambao watu wa nje hawauoni. Chumba cha mtihani kinakupa alama kwa kitu kilekile ambacho ofisini ningekukataza. Mteja akiniuliza ana muda gani wa kukata rufaa, hata kama najua jibu usingizini, nafungua sheria nihakikishe haijarekebishwa. Nimepokea wanagenzi waliofaulu vizuri sana ambao kazi yangu ya kwanza kwao ilikuwa kuwavunja tabia ya kujibu papo hapo. Nimempokea pia mmoja aliyerudia mitihani zaidi ya mara moja. Huyo alikaa na mteja aliyekuja na mgogoro wa mpaka wa kiwanja, akamsikiliza bila kumkatiza, mwisho ikajulikana shida yenyewe ni mirathi ambayo haijawahi kufunguliwa. Mpaka ulikuwa moshi tu. Hakuna swali la kuchagua jibu sahihi ambalo lingemwonyesha kuwa anajua kazi.

Haya si mawazo yangu peke yangu. Marekani mwaka 2020 watafiti Deborah Jones Merritt na Logan Cornett walitoa ripoti baada ya kukaa na makundi 50 ya mawakili wapya na wanaowasimamia, wakiwauliza wakili anayeanza anahitaji nini ili asiwe hatari kwa mteja. Wakapata mambo 12. Sheria yenyewe imo, lakini imo pia namna ya kuzungumza na mteja, kufanya utafiti, kupangilia mzigo wa kazi na kuhimili presha. Wakashauri mitihani ya maandishi iruhusu vitabu na maswali ya kuchagua yapunguzwe.

Jimbo la Oregon, hukohuko Marekani, ndilo lililonivutia zaidi. Tangu 2024 mhitimu anaweza kuacha mtihani kabisa, akafanya kazi chini ya wakili kwa saa zisizopungua 675, kisha akawasilisha mkoba wa kazi zake: maandishi yasiyopungua manane, mazungumzo mawili na wateja ambayo yeye ndiye aliyeyaongoza, na majadiliano mawili na upande wa pili. Sikilizeni sehemu hii vizuri: maandishi hayo yanaenda kwa watahini wa bodi, na hawajui ni ya nani. Siyo bosi wako anayeamua peke yake ufaulu au ufeli.

Kwa nini nalisisitiza hilo? Kwa sababu usimamizi nao una uozo wake, na wanaotaka mtihani ufutwe kesho asubuhi hawausemi. Nawajua mawakili ambao mwanagenzi kwao ni mtu wa kutoa nakala, kupeleka barua na kusubiri tarehe mahakamani, halafu muda ukiisha wanasaini kwamba ameiva. Halafu nafasi zenyewe nani anazipata? Mwenye shangazi jaji au baba mwenye ofisi. Mtihani, pamoja na ubaya wake wote, haujui jina la baba yako. Ukiuondoa bila kuweka watahini huru, umebadilisha tu mlango wa kuonea watu. Na mwanagenzi alipwe. Asipolipwa, njia hii inakuwa ya wenye uwezo pekee.

Kuna ndugu hapo juu ametaja Wisconsin, jimbo jingine la Marekani, kwamba wanaapisha wahitimu wa vyuo vyao viwili vya sheria bila mtihani, utaratibu ulioanza karne ya 19. Ni kweli, na mahakama zao hazijaanguka. Ila hao ni vyuo viwili, na mahakama ya juu kabisa ya jimbo imepanga wanafunzi wasome nini. Mahali ambapo vyuo vinaota kama uyoga, shahada peke yake haikuambii kitu.

England na Wales walijaribu kukaa katikati mwaka 2021. Unapita maswali 360 ya kuchagua jibu, kisha kazi 16 za vitendo zikiwemo kumhoji mteja na kutetea hoja, na unahitaji miaka miwili ya uzoefu ambayo unaweza kuikusanya sehemu mpaka nne tofauti. Hilo la sehemu nne nalipenda, linampunguzia mwanagenzi utumwa wa bosi mmoja. Maswali 360 siyapendi. Na kwa wanaoamini kuwa mashine ikisahihisha maswali ya kuchagua haikosei, mwaka 2024 watahiniwa 175 wa hatua hiyohiyo ya maswali waliambiwa wamefeli, baadaye ikagundulika walifaulu. Alama zilikosewa kwenye kukokotoa.

Kuhusu hoja ya "viwango vitashuka": viwango vipi? Jimbo la California, Marekani, waliteremsha alama ya kufaulu kutoka 1440 hadi 1390 mwaka 2020. Mwenye 1400 mwaka mmoja hafai kumwakilisha mtu, mwaka unaofuata anafaa. Ubongo wake ni uleule. Mstari wa kufaulu unachorwa na watu, na anayeuchora atuambie ameutoa wapi.

Ningepewa kalamu, ningeacha mtihani wa siku moja, vitabu ruksa, kwa mambo ambayo hayasubiri uzoefu: maadili, fedha za mteja, mgongano wa maslahi, ukomo wa muda wa kufungua shauri. Yaliyobaki yapimwe kwa mkoba wa kazi. Na leseni ya kwanza iwe na masharti: usifungue ofisi yako wala kushika fedha za wateja mpaka umefanya kazi chini ya mtu kwa kipindi fulani. Asilimia kubwa ya malalamiko niliyoyaona dhidi ya mawakili wachanga hayakuhusu kutojua sheria. Yalihusu fedha, na simu zisizopokelewa.

Gharama? Ndiyo, kusahihisha mkoba mmoja kunakula muda mara nyingi kuliko karatasi ya mashine. Lakini watahiniwa tayari wanalipa ada, na wengi wanalipa tena kwa kozi binafsi za kuwafundisha kukariri. Fedha zipo, zinaenda kwingine.

Mleta mada, kwa kuwa umesema unaanza uanagenzi mwezi ujao: tunza nakala ya kila ulichoandika, futa majina ya wateja kwanza na mwombe wakili wako ruhusa. Weka rasimu ya kwanza pamoja na ile aliyoirekebisha, usibaki na ya mwisho tu. Na mwombe akuachie mteja mmoja uongoze mazungumzo yeye akiwa amekaa pembeni. Akikataa miezi mitatu mfululizo, anza kutafuta ofisi nyingine.