Pushapu tatu halafu mgongo unabonyea: ushauri kwa anayeanza

Mkuu, umesema unapiga tatu, ya nne mgongo unabonyea na mikono inatetemeka. Kila asubuhi unapiga mpaka unalala kifudifudi, na idadi haisogei. Na lengo lako ni 30 mfululizo. Nimepita hapo hapo, ila mimi hata hizo tatu sikuwa nazo: nilikuwa nashuka vizuri tu, kupanda ndiyo ikawa kesi nyingine. Naandika kwa urefu kidogo kwa sababu wengi wamekujibu "piga tu kila siku, utazoea", na kwa mtu wa pushapu tatu ushauri huo hausaidii.

Tatizo lako kwa sasa si stamina, ni nguvu. Hivi ni vitu viwili, na stamina haijengeki kabla ya nguvu. Pushapu ya sakafuni inaibebesha mikono yako takribani theluthi mbili ya uzito wa mwili, na ukiwa chini kabisa mzigo unapanda zaidi. Kama una kilo 75, hizo ni kilo 50 hivi. Sasa chukua mtu aliyeingia gym kwa mara ya kwanza, anainua chuma cha kilo 50 mara tatu anaishiwa. Mwalimu mwenye akili atamwambia arudi kesho na kesho kutwa na chuma hicho hicho mpaka zifike 30? Atampunguzia mzigo aweze kuinua mara nane au kumi kwa ustadi, kisha amwongezee pole pole. Kwenye pushapu watu wanasahau jambo hilo kwa sababu hawaoni chuma chochote cha kupunguza.

Mzigo unapungua ukiinua mikono. Ukiweka viganja kwenye kitu chenye kimo cha sentimita 60, mikono inabeba kama asilimia 40 tu ya uzito wako. Sentimita 30, kama asilimia 55. Mimi nilitumia ngazi za nyumba, na mpaka leo sijaona kifaa bora kuliko hicho kwa anayeanza. Unasimama chini, viganja unaviweka kwenye ngazi ya juu kiasi cha kuweza kupiga nane safi ukijua mbili bado zimebaki mwilini. Hiyo ndiyo ngazi yako. Piga seti tatu, kati ya seti na seti pumzika dakika mbili au zaidi (usione aibu kukaa, misuli inahitaji muda huo), siku tatu kwa wiki, na siku ya mapumziko katikati. Ukifika seti tatu za 12 bila kuvunja umbo, shusha mikono ngazi moja. Idadi itarudi nyuma kwenye saba au nane, na hapo wengi wanakata tamaa bure wakati mzigo ndio umeongezeka.

Najua kuna atakayesema piga za magoti. Si mbaya, zinabeba kama nusu ya uzito. Kilichonifanya niziache ni kwamba ukipiga magoti, tumbo, makalio na mapaja hayana kazi kubwa, na kwako mgongo ndio unaoanza kusalimu amri. Unaweza kupiga za magoti 25 halafu ukanyoosha miguu ukashindwa tano. Kwenye ngazi mwili wote umenyooka tangu siku ya kwanza, na unashuka hatua ndogo ndogo badala ya kuruka kutoka nusu ya uzito hadi theluthi mbili kwa mkupuo.

Sasa umbo. Weka simu pembeni usawa wa sakafu ujirekodi kutoka ubavuni, maana mwili unadanganya: unajihisi umenyooka, kumbe kiuno kimezama. Sikio, bega, nyonga na kifundo cha mguu viwe kwenye mstari mmoja. Dawa ya kubonyea niliyoiona mimi ni kubana makalio kabla hujaanza kushuka. Watu wanahimizana kukaza tumbo tu, lakini ukibana makalio kwa nguvu nyonga inajipanga yenyewe na tumbo linafuata.

Viganja viwe nje kidogo ya mabega, vidole vimetazama mbele. Viwiko visitanuke ukawa kama herufi T ukitazamwa kutoka juu, huko ndiko mabega yanakoumia. Wala visibane mbavu kama hujaamua kuulenga msuli wa nyuma ya mkono. Katikati ya hapo, nyuzi 45 hivi kutoka ubavuni, panatosha. Ukishuka vuta pumzi, ukipanda itoe. Usibane pumzi seti nzima, presha ya damu inapanda na kichwa kinaanza kuzunguka.

Kuna wizi mmoja ambao karibu kila anayeanza anaufanya bila kujua: kidevu kinatangulia. Shingo inashuka, pua inakaribia sakafu, na kifua bado kiko juu kwa upana wa kiganja. Mtu anahesabu moja, na kusema kweli ni nusu. Nilichofanya ni kukunja soksi pea moja, nikaziweka chini ya kifua, kati ya mikono. Kifua kisipogusa soksi, haihesabiwi. Siku ya kwanza ya soksi idadi ilishuka vibaya sana, ila baada ya hapo kila nilichokiandika kilikuwa cha kweli.

Utafika mahali ngazi ya mwisho inakubali lakini sakafu inakataa. Hapo tumia kushuka pole pole. Anza juu mikono imenyooka, shuka kwa hesabu ya tano, ukigusa chini weka magoti, inuka vyovyote vile, rudia. Msuli unaweza kuhimili mzigo mkubwa zaidi wakati wa kushuka kuliko wakati wa kusukuma, kwa hiyo unaufundisha mwili njia nzima hata kabla hujaweza kupanda. Nne au tano zinatosha kwa siku. Ukizidisha, kifua kitauma siku mbili zinazofuata mpaka kuvaa shati iwe kazi.

Usishangae ukiona wiki za kwanza nguvu inaongezeka na kifua kwenye kioo ni kile kile. Mwanzoni mishipa ya fahamu ndiyo inayojifunza kuiamsha misuli iliyopo, kujaa kunakuja baadaye. Ndiyo maana kupiga kila siku mpaka kuanguka kunakurudisha nyuma: zile za mwisho, zilizopindapinda, mwili unazijifunza pia. Halafu kano zinaimarika taratibu kuliko misuli. Kifua kinaweza kuwa tayari na kiwiko bado.

Vifundo vya mikono vikiuma, piga kwa ngumi juu ya taulo lililokunjwa, au shika vishikio, ili kifundo kisipinde. Mimi nilipiga kwa ngumi muda mrefu na hakuna nilichopoteza. Msuli kuwaka moto ni kawaida. Maumivu makali ya ghafla ndani ya bega, acha siku hiyo. Kifua kubana au kizunguzungu kisichoisha, muone daktari.

Stamina inaanza kushughulikiwa ukiwa na kumi safi za sakafuni. Hapo ndipo marudio ya mara kwa mara yanapolipa, ila bado si kwa kuanguka. Njia iliyonitoa kwenye kumi ni nusu: kama uwezo wako ni kumi, piga tano, mara kadhaa kwa siku, zikipishana saa moja au mbili. Hakuna seti inayokuchosha, lakini jioni jumla yake ni kubwa kuliko ambayo ungeipata kwa mkupuo mmoja. Nikichoka na hiyo nilikuwa napandisha idadi: pushapu moja, pumzi mbili za kupumzika; pushapu mbili, pumzi tatu; pushapu tatu, na kuendelea hivyo hadi tano, kisha naanza tena kwenye moja. Mzunguko mmoja ni pushapu 15, na mizunguko mitatu inakupa 45 bila hata seti moja ya kutisha. Kila wiki punguza kidogo muda wa kupumzika. Jipime mara moja kila baada ya wiki tatu hivi, siku ambayo jana yake ulipumzika. Kujipima kila siku ni kujichosha tu.

Ukivuka 20, kinachoangusha watu ni mwendo. Wanaanza kwa kasi, wanafika 15 pumzi haipo. Piga mwendo mmoja, na ukihisi mikono inajaa, pumzika juu, mikono imenyooka, pumzi mbili tatu, halafu endelea. Hiyo bado ni mfululizo, usikubali mtu akunyang'anye.

Jambo dogo ambalo halikuulizwa: tafuta na zoezi la kuvuta, hata kuning'inia tu kwenye chuma. Ukisukuma miezi na miezi bila kuvuta, mabega yanaanza kujikunja mbele.

Na ule utafiti ambao mtu amekutumia kuhusu pushapu na moyo, wa wazima moto wa Marekani, wa mwaka 2019, ni wa kweli: walioweza zaidi ya 40 walipata matatizo machache sana ya moyo ndani ya miaka kumi kuliko walioshindwa kufika 11. Lakini walikuwa wanaume wa kazi moja, na pushapu zilikuwa kipimo cha afya waliyokuwa nayo tayari. Usizipige kama dawa.

Asubuhi au jioni, ulivyouliza, chagua muda ambao hutaukosa. Ukipiga asubuhi, pasha mwili kwanza dakika tano: zungusha mabega, vifundo vya mikono, kisha piga chache ukisimama na kuusukuma ukuta. Viungo vya alfajiri ni vigumu, na seti ya kwanza ikiwa baridi utadhani nguvu imepotea usiku.