Kwa unayeanza kupima protini kwa mwanga: hangaika na vumbi kwanza

Mdogo wangu, ukikabidhiwa mashine ya mtawanyiko wa mwanga, usianze na vitufe. Anza na vumbi. Kwa chembe ndogo kama hizi, mwanga unaotawanywa hukua kwa kipeo cha 6 cha kipenyo, hivyo chembe moja ya nanomita 70 hung'aa sawa na molekuli milioni moja hivi za albumini, protini ya damu, ambayo ina nanomita 7 tu. Mashine haijui vumbi ni nini. Itakupa namba, na namba hiyo itapendeza.

Kwa hiyo chuja bafa (kimiminika kinachobeba protini) kwa kichujio cha mikromita 0.1, zungusha sampuli kwenye sentrifuji kwa kasi kubwa, suuza kyuveti (kichupa cha kupimia) na uifunike papo hapo. Pima bafa peke yake kwanza. Ikiwa bafa tupu inawaka, protini yako ibaki kwenye barafu mpaka ujue kwa nini.

Ukishapima, kabla ya kufungua jedwali la ukubwa, tazama mkunjo ghafi wa mashine, yaani mchoro unaoonyesha jinsi mwanga unavyopoteza ulinganifu na hali yake ya awali kadiri muda unavyopita. Protini safi hushuka mara moja ndani ya makumi ya mikrosekunde, kisha hutulia. Mkunjo ukiburuza mkia hadi milisekunde, humo mna kitu kikubwa kinachotembea polepole: vumbi, au protini zilizoshikana. Naomba sana uuzoee mkunjo huo, maana wengi hukimbilia wastani wa ukubwa na hapo ndipo hupotea.

Na usijione mgeni kama umetokea fizikia au plastiki. Peter Debye alikuwa tayari na Nobeli ya kemia ya 1936 alipochapisha, mwaka 1944 akiwa Cornell, njia ya kupata masi ya molekuli kubwa kwa mwanga. Msukumo ulikuwa raba ya viwandani wakati wa vita. Bruno Zimm akaongeza mchoro wake wa kusomea vipimo hivyo mwaka 1948, na watu kama Paul Doty wakaipeleka njia hiyo kwenye DNA.

Maabara yenu ikiwa na safu ya kutenganisha molekuli kwa ukubwa iliyounganishwa na kipimo cha mwanga cha pembe nyingi, omba kuitumia mapema. Pitisha albumini ya ng'ombe. Kilele kikuu kisome karibu na daltoni (kizio cha masi ya molekuli) 66,000, na kidogo kinachokitangulia karibu na 132,000, yaani molekuli mbili zilizoshikana. Vyote viwili vikikaa mahali pake, ndipo uweke protini yako.