“Hiyo IP Iko Wazi, Mzee”

Vijana wa atachi, jana tena. Mmoja wenu alitafuta IP (anwani ya mtandaoni) ya kuipa mashine, kapiga ping, yaani kaiita IP aone kama kuna wa kuitika, kangoja kidogo, kanigeukia: “Hiyo IP iko wazi, mzee.” Mimi si mzee. Ila maneno hayo niliyasema mwenyewe zamani, na ndiyo yaliyonizeesha.

1. Ping kimya si kibali. Mashine yenye faiawoli (kizuizi cha mtandao) huenda isijibu. Hiyo utaikamata kwa arping -D, amri ya kuuliza mtandao wa hapo kama IP ina mwenyewe. Iliyozimwa haikamatiki kwa lolote. Hapo ni daftari la IP tu.

2. Sasa aibu yangu. Ofisi ya klaring (kutoa mizigo forodhani), karibu na bandari ya Kilindini. Seva ya Linux, kadi mbili za mtandao, zote subneti moja, yaani kipande kimoja cha mtandao (msinicheke bado). Ya kwanza IP yake yaishia .10, ya pili nikaipa .20 Jumamosi jioni. Ping kimya. Nikaenda zangu Mwembe Tayari kula viazi karai, najiona fundi.

Jumatatu makarani mara waipata seva, mara hawaipati. Madereva wa malori wamejaa kaunta, wataka karatasi zao. Nikabadilisha kebo mbili, nikazima na kuwasha swichi, seva nikaiwasha upya mara tatu, nikailaumu stima. Mama wa chai akaniuliza, “Mwanangu, mbona nikitia birika langu ndipo nyinyi mwafanya kazi?” Nikacheka. Saa nne akachomoa printa ya kona, akachomeka birika. Dakika chache, kila mtu hewani. Chai ikaiva, printa ikarudi, kelele zikarudi.

Printa ilikuwa .20, imewekwa kwa mkono kabla sijaajiriwa. Na ile Jumamosi plagi yake ilikuwa sakafuni.

3. Hayakuisha. Nikaihamisha kadi ya pili hadi .21, lakini amri ya arp -a kwenye kompyuta za makarani ikawa yaonyesha .10 kwa MAC (namba ya kadi yenyewe) mbili: huku hii, kule ile. Nikamsaka mwizi dawati kwa dawati mpaka adhana ya magharibi. Mwizi alikuwa kadi yangu ya pili. ARP ni lile swali la mtandao, “IP hii ni ya MAC gani?” Linux usipoiambia, kadi yoyote hulijibu kwa IP yoyote ya mashine hiyo. Basi anzeni na ip -br link, msome MAC zenu wenyewe kwanza. Kila kadi iwe na subneti yake, au mzifunge bondi ziwe kama kadi moja. Mkikwama, kwenye mipangilio ya Linux arp_ignore iwe 1 na arp_announce iwe 2.

4. Getiwei ya msingi (mlango wa kutokea nje ya mtandao) iwe moja. Moja!

5. IP za kudumu zikae nje ya zile ambazo DHCP, mgawaji wa IP wa mtandao, inazigawa yenyewe.

6. Daftari liko droo ya pili. Mstari wa kwanza, wino mwekundu: “.20, printa, usiguse.” Birika nalo lina soketi yake sasa. Fundi wa stima nilimlipa mimi.