Bomba la gesi linalovuja usilipake gundi, likatwe

Mkuu, umesema bomba lako la shaba linalotoka kwenye mtungi wa nje linanuka pale linapotokea jikoni, na fundi anataka alipake gundi ya kukanda. Gundi hiyo niliijaribu hapahapa Moshi, nyumbani Pasua. Ilishika wiki tatu.

Ilikuwa mwezi wa 7, baridi ile inayotufungisha madirisha kutwa. Mke wangu aliingia jikoni kupika uji, akainama kutoa sufuria kabati la chini, harufu ikampiga usoni. Alipokuwa amesimama hakuisikia, maana gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hulala sakafuni. Bahati kulishakucha, hakuhitaji taa. Alitoka akafunga mtungi, akaacha milango wazi, swichi hakugusa.

Fundi wa pili alibomoa ukuta kidogo tukaona ugonjwa: bomba lilizikwa kwenye saruji tupu, likaliwa. Kitobo chenyewe kama ncha ya sindano. Akautoa mtungi kabisa, akakata kipande chote kwa kikatio cha bomba. Msumeno hakutaka, unga wake huenda kuziba vitundu vya jiko. Kipande kipya akakipitisha ndani ya bomba la plastiki kisiguse saruji, midomo akaitanua kama tarumbeta ili ibanwe na nati. Mimi, kwa ujuaji, nikamwambia azungushie ile tepu nyeupe ya mabomba ya maji. Alinitazama tu. Kumbe kiungio cha namna hiyo hakiwekwi tepu, chuma kinabana chuma.

Kilichonifurahisha ni kupima. Jiko na regulata (kile kichwa cha mtungi kinachopunguza nguvu ya gesi) alivitenga, akafunga geji ya kupima mgandamizo, akajaza bomba upepo kwa pampu ya baiskeli, tukakaa kunywa chai. Kikombe kilipoisha mshale ulikuwa umeshuka kidogo. Akapaka povu la sabuni kwa brashi ya rangi kila kiungio. Nati ya upande wa jikoni ikatoa mapovu madogo kama mate ya mtoto mchanga. Akaikaza robo mzunguko, akajaza tena. Safari hii mshale haukutikisika nusu saa nzima. Baada ya kurudisha jiko na mtungi, viungio vikapakwa povu tena.

Kwa hiyo tafuta fundi wa gesi hasa, na asiye na geji mwambie asante. Ule mpira wa kutoka ukutani hadi kwenye jiko nao ubadilishe siku hiyohiyo. Wangu nilikuta panya ameshautafuna nusu.