Sonona katika ukoo wetu

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na misimu ya kujifungia chumbani. Pale Pangani majirani walisema ana mawazo. Wengine walisema kapandwa na shetani, akachezewa ngoma. Mama naye yalimkuta baada ya kumzaa mdogo wangu wa mwisho. Mimi yalinifika nikiwa na miaka 31, kwenye chumba cha kupanga Kimara, Dar es Salaam: usingizi hauji, chakula hakipiti, kuoga tu ni kazi. Nilikaa hivyo miezi minne. Nilipokwenda hospitali, daktari aliniuliza jambo ambalo kwetu halijawahi kuulizwa: "Kwenu nani mwingine aliwahi kuumwa hivi?"

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma. Tafiti za mapacha zinakadiria kwamba katika tofauti zinazofanya huyu apate sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka) na yule asipate, karibu asilimia 37 zinatokana na urithi. Zinazobaki ni maisha yenyewe. Mama hakunirithisha ugonjwa, alinirithisha wepesi wa kuugua, na kulijua hilo kuliniondolea lawama nyingi.

Mwaka 2010 watafiti Joan Chiao na Katherine Blizinsky walilinganisha nchi 29. Walitazama jeni, yaani kipande cha urithi, inayohusika na usafirishaji wa serotonini, kemikali ya ubongo inayogusa hisia. Jeni hiyo ina sura fupi na ndefu, na ile fupi ilidhaniwa humfanya mtu aelemewe zaidi na dhiki. Asia ya Mashariki wenye sura fupi ni wengi kuliko Ulaya, lakini sonona inayoripotiwa huko ni ndogo. Maelezo yao yalikuwa kwamba maisha ya kutegemeana huwakinga watu. Nilijiona humo: Pangani nilikuwa mtoto wa wengi, Kimara sikumjua hata mpangaji wa chumba cha pili.

Lakini usiishike hadithi hiyo nzima. Mwaka 2019 uchunguzi uliotumia taarifa za mamia ya maelfu ya watu haukuona kuwa jeni hiyo peke yake ina uzito wowote wa pekee. Urithi wa sonona umetawanyika kwenye jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo sana. Tena, pale wagonjwa wanapoonekana wachache, huenda wanaosema ndio wachache. Bibi yangu asingeingia kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Ndiyo maana ninakusihi uwaulize wazee wako. Usianze na neno sonona, maana wengi hawalitumii. Uliza nani alikuwa hapati usingizi, nani aliacha kula bila homa, nani alijifungia. Uliza pia kama yupo aliyewahi kuchangamka kupita kiasi, siku kadhaa bila kulala wala kuchoka. Mweleze daktari hilo kabla hajakuandikia dawa, kwa sababu baadhi ya dawa za sonona zinaweza kumrudisha mtu wa namna hiyo kwenye kuchangamka huko kupita kiasi. Dalili kama zangu zikidumu zaidi ya wiki mbili, nenda hospitali. Yakikujia mawazo ya kujiua, nenda siku hiyo hiyo, na usikae peke yako.

Mimi nilipewa dawa, nikawa na mtu wa kuzungumza naye kila wiki. Kisha mama mdogo akapanda basi kutoka Tanga, akakaa kwangu wiki tatu. Hakunihoji. Alipika uji, akafungua madirisha, na shangazi zangu walipopiga simu kusema nimekosa ibada au nimekosa mume, yeye ndiye aliyepokea. "Wewe lala, mwanangu," aliniambia. Ndugu wanaponya, na ndugu hao hao wanaumiza. Mchague mmoja anayejua kunyamaza, umwambie mapema.

Binti wa kaka yangu sasa ana miaka 16. Juzi tukichambua mchicha nilimsimulia habari za bibi, za mama na zangu. Aliuliza kama inauma. Nikamwambia inauma. Kisha akataka kujua bibi alikuwa mrefu kiasi gani.